Kuunganisha TV ya HD na kisimbuzi, deki, kompyuta au simu bila waya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Maswali haya yanahusu kupeleka picha ya HD (picha safi yenye nukta nyingi) kwenye TV bila kutandaza waya wa HDMI, ule mmoja unaobeba picha na sauti. Majibu yamezingatia nyumba za huku kwetu: tofali za saruji, bati juu, kuta nene za mawe ya matumbawe kule Mikindani na Kilwa, na vijiji ambako TV inaendeshwa na sola.

"Bila waya" maana yake nini hasa? Kila duka linanionyesha kitu tofauti.

Jina ni moja lakini vitu ni vitatu, na hela nyingi hupotea kwa kununua kimoja ukidhani ni kingine.

Cha kwanza ni jozi ya kurusha HDMI. Ni viboksi viwili: kimoja kimeandikwa TX, hicho ndicho kinachorusha, kingine RX, hicho kinapokea. TX unaichomeka kwenye tundu la HDMI la kisimbuzi, deki au kompyuta, na RX kwenye TV. Haihitaji intaneti wala simu.

Cha pili ni kurusha kioo cha simu au kompyuta kwenye TV. Hapa teknolojia inayotumika zaidi ni Miracast, iliyoanza 2012, na kwa simu za Apple ni AirPlay. Simu na TV vinaongea moja kwa moja au kupitia Wi-Fi ya nyumbani.

Cha tatu ni vifaa vinavyovuta video kutoka intaneti, kama Chromecast au TV yenye YouTube ndani. Simu inakuwa rimoti tu, video yenyewe inashuka kutoka mtandaoni.

Mwenye kisimbuzi cha dishi sebuleni anayetaka kuangalia mpira chumbani anahitaji cha kwanza. Akiuziwa Chromecast au kijiti cha kurushia simu kama AnyCast atarudi dukani kesho yake, kwa sababu havina tundu la kuingizia picha ya kisimbuzi.

Je, kweli nahitaji kifaa cha bila waya?

Mara nyingi hapana. Kama TV na kisimbuzi viko kwenye kabati moja, nunua waya wa HDMI wa mita 1.5 na uishie hapo. Waya wa hadi mita 5 haukupi shida yoyote kwa picha ya 1080p, yaani HD kamili. Ukishavuka mita 10 hadi 15, waya wa kawaida huanza kuleta nukta nyeupe au picha kuzimika na kuwaka. Kwa umbali huo kuna adapta za kupitisha HDMI kwenye waya wa mtandao wa Cat6. Zinafika mita 50 hivi, na waya wenyewe unapita juu ya dari kama waya mwingine wowote.

Kwa maoni yetu, kama fundi anaweza kupitisha Cat6 darini, mpe kazi hiyo. Waya hausumbuliwi na Wi-Fi ya jirani, wala hauongezi ucheleweshaji. Teknolojia ya bila waya ifikirie pale ambapo waya hauwezi kupita: nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe, ukuta wa mawe usiotobeka kirahisi, projekta inayohamishwa, au TV iliyo ng'ambo ya korido.

Inafanyaje kazi? Na kwa nini bei zinatofautiana sana?

Picha ya 1080p ina nukta 1920 kwa 1080, kila nukta ina biti 24, na picha hubadilika mara 60 kwa sekunde. Zidisha: ni karibu gigabiti 3 kila sekunde. Wi-Fi ya kawaida haiwezi kubeba mzigo huo, kwa hiyo watengenezaji walipita njia mbili.

Njia ya kwanza ni kutafuta mawimbi mapana zaidi. WirelessHD, ambayo viwango vyake vilitoka 2008, inatumia gigahezi 60. Inabeba picha yote bila kuibana, lakini wimbi lake lina urefu wa milimita 5 tu. Mtu akipita katikati linayumba, na ukuta wa tofali linashindwa kabisa. Ni ya chumba kimoja, kama mita 10. WHDI, iliyotoka 2009, inatumia gigahezi 5 na inapita kuta kadhaa. Ucheleweshaji wake hauzidi milisekunde moja. Zote mbili zilikuwa ghali na sasa ni nadra kuzikuta madukani.

Njia ya pili ndiyo iliyojaa sokoni. TX inaibana video kwa mfumo wa H.264, kama simu inavyobana video unayoirekodi, mpaka ibaki megabiti 10 hadi 20 kwa sekunde. Kisha inairusha kwa Wi-Fi ya gigahezi 5, na RX inaikunjua. Bei inashuka, umbali unaongezeka. Unacholipia ni mambo mawili: ubora unapungua kidogo kwenye picha zenye mwendo mkali, na kuna ucheleweshaji wa kama sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi.

Halafu kuna vile vya zamani vya gigahezi 2.4 vyenye matundu matatu ya njano, nyekundu na nyeupe, yanayoitwa AV. Hivyo si HD hata kama boksi limebandikwa neno HD. Viache.

Boksi limeandikwa mita 100, wengine 200. Niamini?

Hiyo ni mita za uwanjani, TX na RX zikitazamana bila kitu katikati. Ndani ya nyumba hesabu ukuta, si mita. Ukuta mmoja wa tofali za saruji kwa kawaida unapitika. Kuta mbili, jaribu kabla ya kulipa. Kuta tatu, usitegemee. Kuta za mawe na chokaa za nyumba kongwe za Mikindani hupunguza mawimbi kuliko tofali za siku hizi, na nyumba ya ghorofa yenye zege na nondo ni ngumu zaidi kupitisha juu na chini kuliko pembeni.

Bati ni habari nyingine. Chumba cha uani kilichozungushiwa bati hakipati kitu, labda mawimbi yapitie dirishani. Friji, kabati la chuma, kioo kikubwa cha kujitazamia na simtanki la maji navyo huzuia. Paa la makuti halina shida.

Kosa linalorudiwa sana ni kuificha RX nyuma ya TV. Mgongo wa TV una chuma ndani, na bracket yake ni chuma. Tumia kipande cha HDMI cha sentimita 20 au 30 uitoe RX pembeni, ielekee upande ilipo TX. Hatua hiyo peke yake mara nyingi humaliza tatizo la picha kukatakata.

Naifunga vipi jozi ya TX na RX?

1. Zima kisimbuzi na TV, chomoa kwenye umeme.
2. Unganisha TX na kisimbuzi kwa waya mfupi wa HDMI. Ipe TX umeme kwa chaja ya volti 5, ampea 2. Usitegemee HDMI iiwashe: tundu la HDMI linatakiwa kutoa miliampea 55 tu, hazitoshi.
3. Chomeka RX kwenye TV, nayo uipe chaja yake. Tundu la USB la TV nyingi hutoa miliampea 500. RX inaweza kuwaka taa ukadhani mambo sawa, kisha ikajizima na kujiwasha kila baada ya dakika chache.
4. Washa TV kwanza, chagua tundu sahihi kwa kitufe cha Source au Input. Washa RX, halafu TX, mwisho kisimbuzi. Mpangilio una sababu: kisimbuzi kikiwaka huuliza TV inaweza kuonyesha picha ya ukubwa gani. Ikiwa TX haijapata majibu kutoka upande wa pili, kisimbuzi kinaweza kutoa picha ambayo TV haiipokei.
5. Subiri sekunde 15 hadi 30. Jozi nyingi zimeshaoanishwa kiwandani. Kama taa inaendelea kupepesa, bonyeza kitufe cha kuoanisha kwenye TX na RX kwa sekunde chache.
6. Ingia kwenye mipangilio ya kisimbuzi. Weka picha 1080p au 720p (HD ya nukta chache zaidi), na sauti PCM au Stereo, yaani sauti ya kawaida ya spika mbili.

Hatua ya 6 wengi huiruka. Visimbuzi vingi vinatoka na 1080i (picha inayotumwa nusu nusu), na baadhi ya jozi za bei nafuu haziielewi vizuri. Sauti ya Dolby, ile ya spika nyingi, nayo jozi nyingi haziipitishi: utaona picha safi, kimya kabisa.

Nikichomeka TX kwenye kisimbuzi, TV ya sebuleni itabaki bila picha?

Inategemea. Tafuta TX yenye tundu la pili la HDMI lililoandikwa Loop Out. TV ya sebuleni unaichomeka hapo. Kama halipo, nunua kigawanyaji cha HDMI cha moja kwa mbili. Fahamu tu kwamba TV nyingi za inchi 32 ni za 720p, na ukiichanganya na TV kubwa ya 1080p, kigawanyaji kwa kawaida huzishusha zote kwenye ile ya chini.

Chumbani naweza kuangalia chaneli tofauti na ya sebuleni?

Hapana. Kisimbuzi kimoja kinatoa chaneli moja kwa wakati, na RX inaonyesha hicho hicho. Ukitaka chaneli mbili unahitaji visimbuzi viwili, na waya wa pili kutoka kwenye LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi.

Rimoti itafanyaje kazi kama kisimbuzi kiko chumba kingine?

Rimoti za visimbuzi vingi hutumia mwanga usioonekana na macho, unaopepesa mara 38,000 kwa sekunde, na mwanga huo haupiti ukutani. Jozi nzuri huja na vijiwaya viwili vyembamba. Chenye jicho jeusi huchomekwa kwenye RX na kubandikwa chini ya TV, kikutazame wewe. Chenye kitaa kidogo huchomekwa kwenye TX na kubandikwa mbele ya kisimbuzi, sawasawa na jicho lake.

Vijiwaya hivi vinafanana na watu huvipishanisha. Kujua kama cha upande wa TX kinafanya kazi, fungua kamera ya mbele ya simu, itazamishe kile kitaa huku mwenzio chumbani akibonyeza rimoti. Kwenye kioo cha simu utaona kinamweka rangi ya zambarau au nyeupe. Kikimweka na kisimbuzi hakiitiki, kisogeze nusu sentimita kushoto au kulia. Jicho la kisimbuzi ni dogo kuliko watu wanavyodhani. Kama chaneli zinaruka mbili mbili, rimoti inakifikia kisimbuzi kwa njia mbili, moja kwa moja na kupitia kijiwaya. Ziba mojawapo.

TV inaandika "No Signal", au kioo cheusi, au chenga. Tatizo ni nini?

Dalili hizi tatu zina sababu tofauti.

"No Signal" maana yake TV haipati chochote kutoka RX. Angalia tundu ulilochagua, kisha chaja ya RX. Baadhi ya RX hutoa picha yao wenyewe ya kusubiri hata TX ikiwa imezimwa. Kama hiyo unaiona, upande wa TV ni mzima na ubovu utafute kwa TX.

Kioo cheusi huku sauti ipo, au kioo kinachowaka sekunde mbili na kuzima, mara nyingi ni mgogoro wa ukubwa wa picha. Chomeka kisimbuzi moja kwa moja kwenye TV kwa waya, kishushe hadi 720p, kisha rudisha jozi.

Chenga, au ujumbe unaotaja HDCP, ni ulinzi wa hakimiliki. Kisimbuzi kinataka uhakika kwamba kifaa kinachofuata kina ruhusa ya kuonyesha, na mnyororo umekatika mahali. Ondoa kigawanyaji kwanza. Ikikaa sawa, kigawanyaji ndicho chenye kasoro. Kifaa cha 4K (picha yenye nukta nyingi kuliko 1080p) kinaweza kudai HDCP 2.2 wakati jozi yako inaishia 1.4; kipunguze hadi 1080p uone.

Asubuhi picha ni safi, kuanzia saa moja jioni inakatakata.

Jioni majirani wote wapo nyumbani na ruta zimewaka. Kwanza angalia kama ruta yako mwenyewe iko karibu na TX. Ziachanishe angalau mita 2. Kama ruta inarusha gigahezi 5, ingia kwenye mipangilio yake uihamishie chaneli ya mawimbi (si ya TV) iliyo mbali na ya TX. TX ikiwa juu, kwenye chaneli ya 149 na kuendelea, ruta ipeleke 36. Jozi nyingine zina kitufe cha kubadilisha chaneli, kibonyeze mara moja kisha subiri.

Kwa vijiti vya kurusha simu vinavyotumia gigahezi 2.4 hali ni mbaya zaidi, kwa sababu chaneli zisizogongana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Bluetooth na oveni ya maikrowevu navyo viko humo humo.

Sauti inatangulia picha.

Karibu kila mara sababu ni sabufa. Picha inapita kwenye TX na RX, inachelewa kidogo, lakini sauti umeitoa kwenye kisimbuzi moja kwa moja hadi kwenye sabufa kwa waya wa AV. Haichelewi. Toa sauti kwenye TV badala ya kisimbuzi, kupitia tundu la headphone au la optiki, na vitaenda pamoja. Ukitumia sabufa ya Bluetooth mambo hugeuka: sauti ndiyo itakayochelewa. Tafuta kwenye TV sehemu ya kurekebisha ucheleweshaji wa sauti, au tumia waya.

Jirani anashangilia goli la Simba kabla sijaliona. Ni hii bila waya?

Jozi ya HDMI hukuchelewesha chini ya sekunde moja. Kama unapitwa kwa makumi ya sekunde, unaangalia kupitia programu ya intaneti, na jirani anatumia dishi. Hakuna kifaa cha kuliondoa hilo, zaidi ya kuangalia kwa dishi na wewe.

Nikirusha simu kwenye TV, bando linaliwa?

Inategemea unachorusha. Picha, muziki na filamu zilizomo ndani ya simu au kwenye memori kadi haziendi mtandaoni hata kidogo. Mawimbi yanatoka kwenye simu hadi kwenye TV, na unaweza kufanya hivyo Liwale porini pasipo na mnara. Ukirusha YouTube, bando linaliwa kama kawaida ya kuangalia kwenye simu. Kwa HD weka hesabu ya hadi GB 3 kwa saa. Ukishusha ubora hadi wa kawaida ni GB 1 au pungufu, na kwenye TV ya inchi 32 utofauti si wa kutisha.

Hatua ni hizi. Kwenye TV fungua sehemu ya kupokea: Samsung na wengine huiita Screen Mirroring, LG ni Screen Share, Hisense ni Anyview Cast. Kwenye simu washa Wi-Fi, hata kama haijaunganishwa popote. Vuta menyu ya juu utafute Cast, Smart View au Wireless Display, jina linategemea simu. Jina la TV likitokea, ligonge, kisha kubali kwenye TV kwa rimoti.

Jina lisipotokea, zima hotspot. Simu nyingi haziwezi kutoa hotspot na kurusha kioo kwa wakati mmoja. VPN nayo izime. Simu za Google Pixel hazina Miracast, hizo zinataka Chromecast au TV ya Google. iPhone haina Miracast pia: inahitaji TV yenye AirPlay, kijiti kinachoikubali AirPlay, au adapta ya waya ya HDMI.

Sina ruta nyumbani. Chromecast itafanya kazi?

Itafanya, ila inahitaji Wi-Fi yenye intaneti kila mara. Njia isiyosumbua ni simu mbili: moja inatoa hotspot, ya pili inaungana kwenye hotspot hiyo hiyo na kuamrisha. Kijiruta kidogo cha laini ni bora zaidi kwa sababu hakiondoki na mtu anapokwenda sokoni. Google waliacha kutengeneza Chromecast 2024, zilizobaki madukani ni akiba. Kwa mtu asiye na intaneti ya kudumu, tunaona flashi ya GB 32 kwenye tundu la USB la TV inamfaa kuliko kifaa chochote cha aina hii.

Kioo cha simu kinaonekana vizuri, lakini nikifungua Netflix au programu ya king'amuzi kinakuwa cheusi.

Programu hizo zinazuia kioo chao kunakiliwa. Simu ni nzima. Tumia alama ya kurusha iliyomo ndani ya programu yenyewe kama ipo, au fungua programu hiyo kwenye TV, au tumia waya kutoka kwenye kompyuta.

Na kompyuta?

Windows 10 na 11: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na K, chagua TV. Kadi ya Wi-Fi ya kompyuta lazima iikubali Miracast. Kompyuta nyingi za mezani hazina Wi-Fi kabisa, kwa hizo tumia jozi ya TX na RX. Kwa kuonyesha slaidi ukumbini Miracast inatosha. Kwa filamu ndefu, waya.

Nataka kucheza PlayStation bila waya.

Kwa jozi inayobana video utabonyeza shuti na mchezaji atapiga baadaye. Haifai. Sogeza mashine karibu na TV.

TV yangu ni ya chogo, haina HDMI.

RX unaweza kuiunganisha kupitia kibadilishi kilichoandikwa HDMI2AV, chenye matundu matatu ya njano, nyekundu na nyeupe. Soma maandishi vizuri: AV2HDMI kinafanya kinyume, na maboksi yake yanafanana. Nacho kinataka volti 5. Picha utakayopata si HD. Kabla ya kununua yote hayo, kumbuka kisimbuzi chako huenda kina tundu la AV tayari.

Umeme ukikatika, au natumia sola, vifaa hivi vitafanya kazi?

TX na RX zote ni za volti 5, kwa hiyo tundu la USB la mtambo wa sola au pawabenki linatosha, mradi linatoa angalau ampea 1. Pawabenki ya kweli ya mAh 10,000 ina kama wati-saa 37. Kifaa cha wati 5 kitakaa humo saa 6 hivi, ukitoa upotevu. Tatizo litakalobaki ni umeme wa TV yenyewe, isipokuwa una TV ya volti 12.

Kuhusu radi: kuanzia Novemba hadi Aprili, wakati wa mvua, dishi na waya wake ni njia ya shoti kuingia kwenye kisimbuzi, na kutoka hapo kupitia HDMI hadi kwenye TV. Matundu mengi ya HDMI hufa hivyo. Jozi ya bila waya inakata njia hiyo, kwa kuwa hakuna shaba kati ya kisimbuzi na TV. Haikukingi na shoti inayokuja kwa nyaya za TANESCO. Anga likianza kunguruma chomoa plagi zote na waya wa dishi, na umeme ukirudi subiri dakika chache kabla ya kuwasha, au tumia kile kilinzi kinachochelewesha kama cha friji.

Kifaa kilifanya kazi miezi kadhaa, sasa kinazima kikipata moto.

Boksi dogo la plastiki likikaa nyuma ya TV, juu ya kisimbuzi chenye joto, mwezi wa Desemba Lindi, litachemka. Litoe lipate hewa, lisikae juu ya kifaa kingine.

Karibu na bahari, Shangani au Kilwa Masoko, kuna jambo la pili: hewa ya chumvi hufanya kutu nyembamba kwenye meno ya HDMI na USB. Dalili yake ni picha inayorudi ukiutikisa waya. Zima kila kitu, chomoa na kuchomeka mara tano sita. Meno hujisugua yenyewe. Ikishindikana, tumia brashi laini na spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme, acha ikauke kabisa. Usipake mafuta ya kupikia wala grisi.

Naruhusiwa kutumia jozi hii kwenye kibanda umiza?

Kiufundi ndiyo, kuna TX zinazorusha kwa RX mbili hadi nne. Ila kifurushi cha nyumbani ni cha nyumbani. Kuonyesha watu kwa kiingilio kunahitaji makubaliano ya biashara na kampuni ya king'amuzi, waya usiwepo au uwepo.

Naagiza kutoka Kariakoo, inakuja na basi. Nihakikishe nini kabla haijafungwa?

Kurudisha mzigo Dar ni gharama, kwa hiyo muombe muuzaji akupigie picha na video ya haya:

- TX na RX zote zipo, na namba ya modeli ni ile ile. Ya modeli tofauti hazioani.
- Imeandikwa 5 GHz, na 1080p kwa 50 na 60 Hz (mara ambazo picha hubadilika kwa sekunde). Matangazo yetu ya TV ni ya 50.
- Waya wa umeme wa kila upande, vijiwaya viwili vya rimoti, na Loop Out kama unaihitaji.
- Alama ya idhini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwenye kifaa au kwenye nyaraka za muuzaji, maana kifaa cha mawimbi kinatakiwa kuwa nayo.
- Video ya dakika mbili ikionyesha kisimbuzi, si simu, kikirushwa kwenye TV iliyo chumba cha pili.

Akikataa video ya mwisho, tafuta muuzaji mwingine.